Vyuma vimekaa sawa, mbona mgongo bado unauma?

Ndugu zangu mliofanyiwa upasuaji wa kufungwa vyuma kwa uti wa mgongo uliovunjika, ninyi mnaowauguza nyumbani, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo: karibuni. Kabla ya lolote, anayetaka kusimama tukiwa tunaongea asimame, azunguke ukumbini, kisha arudi. Hakuna atakayemwona mkosefu wa adabu. Kukaa kitini saa nzima ni kazi nzito kwa mgongo uliofungwa vyuma, na tutaeleza kwa nini.

Swali lililotukusanya hapa ni lile linaloulizwa kliniki baada ya kliniki: "Nimeambiwa picha ni nzuri na vyuma vimekaa sawa. Sasa mbona bado naumwa?" Picha ya eksirei inaonyesha mfupa na chuma. Haionyeshi msuli uliosinyaa, wala mshipa wa fahamu uliokwaruzwa, wala kiungo kidogo kinachobeba mzigo kisiouzoea. Kwa hiyo picha nzuri haimaanishi kwamba mgonjwa anajitungia maumivu. Na upande wa pili nao ni kweli: skrubu inaweza kuonekana imelegea pichani na mwenye mgongo haumwi hata kidogo. Tunalolitaka leo ni kwamba kabla ya kuuliza "ninywe dawa gani", tuulize "maumivu haya yanatoka wapi". Neno maumivu ni moja, lakini vyanzo vyake baada ya upasuaji huu si chini ya sita, na dawa ya chanzo kimoja haigusi kingine.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichofanyika. Lugha yetu inatuchanganya kidogo hapa, maana "uti wa mgongo" watu huutumia kwa mifupa na kwa ule ugwe wa fahamu unaopita ndani yake. Leo tukisema uti wa mgongo tunasema mifupa: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake mfupa wa nyonga ya nyuma ulioungana. Mvunjiko hutokea zaidi mpakani mwa kifua na kiuno, kati ya pingili ya 11 ya kifua na ya 2 ya kiuno. Juu ya mpaka huo mbavu zimeukaza uti, chini yake uti unapinda kwa uhuru, na nguvu ya anguko au ajali huishia pale pale vinapokutana.

Daktari wa upasuaji hupitisha skrubu kupitia vikonyo, yaani vijiguzo vifupi vya mfupa nyuma ya pingili, vya pingili iliyo juu na iliyo chini ya ile iliyovunjika, mara nyingine pingili mbili kila upande, kisha huziunganisha kwa fito mbili za chuma. Hilo ni gango la ndani. Kazi yake ni kushikilia mpaka mfupa uunge. Mfupa usipounga, chuma huendelea kupindishwa kidogo kidogo kila hatua unayopiga, na kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mwishowe hukatika. Chuma kinachokatika mwaka mmoja au miwili baadaye mara nyingi si kibovu, bali kimeachwa peke yake kufanya kazi ya mfupa.

Upasuaji wenyewe una sura tofauti, na ni lazima ujue wako ni upi. Kuna wa kufunga skrubu na kupandikiza mfupa ili pingili ziungane kabisa. Kuna wa kufunga skrubu bila kuunganisha, kwa nia ya kuzitoa baadaye. Na kuna wa kudunga saruji ya mfupa ndani ya pingili iliyobonyea, unaofanywa zaidi kwa wenye mifupa iliyopungua uzito. Wagonjwa wengi hawajui walifanyiwa upi, na jibu la karibu kila swali lao linategemea hilo.

Sasa muda. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Misuli huchukua wiki 6 hadi 12 kutulia. Mfupa uliovunjika huunga kwa miezi 3 hadi 6, na pingili zilizopandikizwa mfupa zaweza kuchukua mwaka mzima kushikana imara. Kitabibu, maumivu ya baada ya upasuaji huitwa sugu yakivuka miezi 3. Lakini kuliko kiwango, tazama mwelekeo. Mwenye maumivu ya 5 kwa 10 ambaye mwezi uliopita alikuwa 7 yuko njiani. Mwenye 4 ambaye mwezi uliopita alikuwa 2 ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, hata kama analalamika kidogo kuliko mwenzake.

Tuanze na chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote: misuli. Pembeni mwa uti kuna misuli mifupi inayoshika pingili moja na nyingine, kama kamba za mlingoti. Katika upasuaji wa kufungua, misuli hii hubanduliwa kwenye mfupa na kuvutwa pembeni kwa vyuma kwa muda wa saa kadhaa. Damu inapungua ndani yake, vijishipa vyake vya fahamu vinaumia, na baadhi ya nyama hiyo hufa ikageuka mafuta na kovu. Anayeumwa hivi husema asubuhi yuko nafuu, jioni mgongo umechoka. Hawezi kusimama muda mrefu akiosha vyombo, na kukaa kwenye kiti kisicho na egemeo kunammaliza, maana ukikaa misuli ile ndiyo inayoushika mwili wote wa juu. Akilala, maumivu yanashuka ndani ya dakika chache. Picha yake ya eksirei haina kasoro. Huyu hahitaji upasuaji mwingine wala sindano. Anahitaji kujenga nguvu, taratibu, kwa miezi.

Chanzo cha pili ni mkao wa uti wenyewe. Pingili iliyobonyea mbele huwa kama kabari, na kama haikunyooshwa vya kutosha, au ilinyooshwa ikashuka tena, mwili wa juu unaelekea mbele. Ili asianguke na macho yatazame mbele, mtu hukaza kiuno, huizungusha nyonga, hata hukunja magoti kidogo akitembea. Maumivu yake mara nyingi yako chini ya pale palipovunjika, na hapo ndipo watu hupotezwa: wanapima kiuno kumbe tatizo liko juu yake. Kosa la kawaida ni kupiga picha mgonjwa akiwa amelala. Ukilala, uzito wa mwili umeondoka na kibyongo kinajificha. Ombeni picha ya kusimama, ya upande, na ikiwezekana inayochukua uti wote hadi nyonga, ilinganishwe na ile ya wiki za kwanza. Nyuzi (digrii) za kupinda zilizoongezeka kati ya picha mbili zinaeleza mengi kuliko picha moja peke yake.

Cha tatu ni chuma na mfupa ambao haujaunga. Dalili yake ni maumivu yanayokuja na mwendo: kugeuka kitandani, kuinuka kitini, hatua za kwanza. Wengine husikia kitu kikisaga au kugonga. Hapa kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande kwa vipande, ndicho chenye neno, kwa sababu kinaonyesha kama mfupa umevuka na kama kuna duara jeusi kuzunguka skrubu, yaani imelegea. Wanaovuta sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye upungufu wa vitamini D na wenye mifupa myepesi ndio walio hatarini zaidi. Kuhusu sigara tutasema bila kuzunguka: nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa mpya, na kuacha kuvuta ni sehemu ya matibabu sawa na skrubu zenyewe. Kwa watu wembamba kuna jambo jepesi zaidi, kichwa cha skrubu kinaweza kugusa chini ya ngozi na kuuma kila wakiegemea kiti kigumu. Kidole kimoja kinatosha kukionyesha.

Cha nne ni majirani. Ukifunga pingili tatu zisicheze, ile ya juu na ya chini yake hucheza zaidi. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili huchoka, na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, vilevile. Maumivu ya viungo hivyo huongezeka ukijinyoosha nyuma au ukijipinda pembeni, na huweza kushuka hadi makalioni bila kuvuka goti. Kiungo cha nyonga ya nyuma nacho huingia humo hasa pale vyuma viliposhuka hadi chini kabisa. Kwa wenye mifupa iliyopungua uzito, jirani anaweza kuvunjika. Maumivu mapya ya ghafla baada ya kukohoa sana au kuinua ndoo, kwa mama wa makamo au mzee, yachukuliwe kuwa mvunjiko mpya mpaka picha ikatae.

Cha tano ni mishipa ya fahamu. Hapa lugha ya mgonjwa yenyewe ndiyo kipimo: kuchoma, umeme, sindano, baridi ya ajabu, ngozi isiyotaka kuguswa na shuka, ganzi na maumivu mahali pamoja. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana hapa, na mtu anayeongeza vidonge hivyo kila wiki anajiumiza tumbo na figo bure.

Halafu kuna mfumo wa maumivu uliokaa kwenye hadhari. Baada ya miezi ya kuumia, ugwe wa mgongo na ubongo huzoea kupaza sauti, na kichocheo kidogo kinasikika kikubwa. Kukosa usingizi, hofu ya kutembea na mawazo ya kazi iliyopotea huongeza sauti hiyo. Hii ni fiziolojia. Anayemwambia mgonjwa "ni akili yako tu" hajaelewa mwili unavyofanya kazi, na tungependa maneno hayo yatoke kabisa vinywani mwa wahudumu.

Maambukizi tumeyaweka mwisho ingawa ndiyo hayasubiri. Yanaweza kuja wiki za kwanza kwa homa na kidonda kinachotoa majimaji. Yanaweza pia kuja kimya kimya miezi au miaka baadaye, kutokana na vijidudu vipole vinavyojificha juu ya chuma, bila homa kubwa, kwa maumivu ya usiku yasiyotulia hata ukilala. Vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe wa jeraha au maambukizi, CRP na ESR, husaidia mtu akivisoma kwa tarehe: CRP hupanda siku 2 au 3 baada ya upasuaji na kwa kawaida huwa imeshuka kufikia wiki ya pili, huku ESR ikichelewa kwa wiki nyingi. CRP inayopanda tena wiki ya nne si ya kupuuzwa.

Na kuna swali ambalo lingepaswa kuulizwa tangu mwanzo: je, pingili ilivunjika kwa kishindo kinachostahili? Mtu aliyeanguka kutoka darini, sawa. Aliyevunjika akiinama kuokota kiatu lazima atafutiwe sababu: mifupa kupungua uzito, kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyosambaa au saratani ya uboho. Skrubu hazitibu hata kimoja kati ya hivyo, na maumivu yanayobaki yaweza kuwa ni ugonjwa wenyewe unaendelea.

Sasa dalili zisizosubiri kliniki. Mguu unaopoteza nguvu. Ganzi sehemu za siri na sehemu ya kukalia. Mkojo kukwama au kutoka bila habari, au choo kukosa kuzuilika. Hizo ni za hospitali saa ile ile, si kesho asubuhi, kwa kuwa mishipa iliyobanwa haivumilii siku. Homa yenye maumivu ya mgongo yanayozidi, kidonda kilichofunguka, kibyongo kinachoongezeka machoni, mlio wa kitu kukatika ukifuatiwa na maumivu makali: siku hiyo hiyo. Shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata, ni donge la damu mpaka ithibitishwe vingine, nayo ni dharura.

Asiye na dalili hizo aanze na daftari. Siku 14 tu. Andika saa, ulichokuwa ukifanya, alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10, na kilichoyashusha. Chora mgongo na mguu, utie alama pale panapouma na namna panavyouma. Daktari akiona "huanza saa 9 alasiri nikiwa nimesimama, hutulia nikilala dakika 10", ameshapunguza orodha nusu kabla hajakugusa. Kwa viungo vidogo na nyonga ya nyuma, sindano ya ganzi mahali husika ndiyo hujibu: maumivu yakishuka sana kwa saa chache kisha yarudi, chanzo kimepatikana, hata kama tiba bado.

Mwendo wa kila siku unaharibu au kuponya zaidi ya watu wanavyodhani. Kuinuka kitandani: kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja kama gogo, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Usijikunje katikati kama kisu cha kukunja. Wiki 6 hadi 12 za kwanza epuka kuinama, kujizungusha kiuno na kubeba zaidi ya kilo 4 au 5, mpaka aliyekupasua aseme vingine. Baadaye jifunze kuinama kwa nyonga: makalio yarudi nyuma, magoti yalegee, mgongo ubaki umenyooka, mzigo uwe karibu na tumbo. Kiti kiwe na egemeo, na kila dakika 20 hadi 30 simama. Ukilala chali weka mto chini ya magoti, ukilala ubavu uweke katikati ya magoti.

Kutembea ndilo zoezi la kwanza. Anza dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, ongeza dakika 1 au 2 kila baada ya siku mbili tatu. Kipimo chetu ni hiki: maumivu yakipanda kwa alama zaidi ya 2, au yakiwa bado juu asubuhi inayofuata, rudi kiwango cha juzi. Usiache kabisa. Kinachowaangusha wengi ni siku nzuri. Mtu anaamka mwepesi, anafua nguo zote, anapiga deki, kisha analala siku mbili na kuhitimisha kwamba mazoezi yanamdhuru. Kazi ya siku nzuri iwe sawa na ya siku mbaya, au izidi kidogo tu.

Ruhusa ikishatolewa, mtaalamu wa mazoezi huongeza ya misuli ya ndani. Lala chali, magoti yamekunjwa, vuta kitovu ndani taratibu huku ukipumua, shikilia sekunde 10, mara 10. Kisha inua makalio, shikilia sekunde 5, mara 8. Kisha kwa magoti na viganja, nyoosha mguu mmoja, baadaye na mkono wa upande mwingine, kiuno kisiyumbe. Ukishindwa kupumua ukiwa umeshikilia, zoezi limekuzidi. Tarajia wiki 8 hadi 12 kabla ya kuona tofauti ya kweli. Mkanda wa mgongo uuvae kwa muda ulioagizwa tu, kwani misuli ikizoea kubebwa haidai tena kazi yake.

Dawa. Parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 1 kwa wakati, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na ipunguzwe kwa mwenye ini bovu au uzito chini ya kilo 50. Angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, hazinywewi pamoja. Zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo, na aliyepandikizwa mfupa amuulize daktari wake kwanza kabla ya kuzitumia kwa muda. Kwa maumivu ya fahamu, amitriptilini huanzwa miligramu 10 hadi 25 usiku. Gabapentini na pregabalini nazo huanzwa chini na kupandishwa polepole. Hupimwa kwa wiki, si kwa siku mbili, wala haziachwi ghafla. Tramadoli ikichanganywa na amitriptilini huongeza hatari ya degedege. Dawa za jamii ya afyuni, kama tramadoli na mofini, zikichanganywa na gabapentini huweza kuzorotesha pumzi usingizini. Tena afyuni hufunga choo, na kujikamua chooni kunaumiza mgongo ule ule uliokusudiwa kutulizwa.

Aliyevunjika kwa mifupa dhaifu asiondoke na skrubu au saruji tu. Atibiwe mifupa. Kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku ukihesabu na chakula, vitamini D ya kutosha, na mara nyingi dawa kama alendroneti miligramu 70 mara moja kwa wiki: tumbo tupu asubuhi, glasi nzima ya maji, kisha usilale wala kula kwa dakika 30, la sivyo itakuchoma umio.

Na kutoa vyuma? Kwa aliyefungwa bila kuunganishwa, mazungumzo hayo huja karibu mwaka mmoja baadaye, CT ikionyesha mfupa umeunga. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata, na wapo ambao uti hupinda tena mbele nyuzi chache baada ya kuvitoa. Ganzi ikidungwa pembeni mwa vichwa vya skrubu na maumivu yakatulia kwa saa kadhaa, sababu ya kuvitoa inakuwa na uzito. Isipotulia, tungesita. Na ukiamua, kumbuka matundu ya skrubu huacha mfupa ukiwa dhaifu kwa wiki kadhaa, hivyo si siku ya kurudi kubeba magunia.

Mkienda kliniki chukueni muhtasari wa upasuaji, si kadi ya dawa peke yake. Uwe na tarehe, pingili zilizofungwa, kama mfupa ulipandikizwa au la, na aina ya chuma. Titani haiharibu picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku, kama chuma cha pua kinavyoiharibu, na mpiga picha akijua mapema hurekebisha mashine. Waliokuja na picha zao leo wazipange kwa tarehe, ya zamani juu, kisha tuanze maswali kwa wale waliosimama.